Walimu wa Dzaleka na swali la mtaala

Mwaka 1994 Serikali mpya ya Bakili Muluzi ilifuta ada ya shule za msingi nchini Malawi, na wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban milioni 1.9 hadi karibu milioni 3. Mwaka huohuo, wilayani Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda palifanywa kambi ya wakimbizi: Dzaleka.

Kote nchini madarasa yalifurika, walimu hawakutosha. Maelfu ya waliomaliza sekondari walipewa chaki kabla ya mafunzo. Mpango ulioanza 1997 uliwaweka chuoni miezi mitatu tu, mengine wakajifunzia kazini. Kwa miezi mitatu utajua kuandika azimio la kazi na andalio la somo. Kuhoji kwa nini mada hii itangulie ile, huna nafasi. Mtaala uliandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Malawi huko Domasi, Zomba. Mwalimu aliupokea kama tarishi apokeavyo barua.

Mwaka 2005 mafunzo yakawa ya miaka miwili, wa kwanza chuoni, kwa mfano Chuo cha Ualimu Lilongwe, wa pili shuleni. Mwaka 2007 darasa la kwanza likaanza mtaala wa matokeo: mwalimu aanze na kile mtoto atakachoweza kufanya, ndipo achague shughuli. Maswali ya namna hiyo Ralph Tyler, mwanaelimu wa Chuo Kikuu cha Chicago, alikwisha kuyapanga mwaka 1949: unalenga nini, kwa shughuli zipi, kwa mpangilio gani, na utajuaje kama umefika?

Dzaleka maswali hayo yana sura za watoto. Aliyeanza shule kwa Kifaransa huko Kivu, mashariki mwa Kongo, anakuta mtaala wa Malawi, Kichewa na Kiingereza, na nyumbani anaongea Kiswahili. Kuanzia 2010, kupitia mpango wa Wajesuti na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, wakimbizi walisoma kambini stashahada kwa mtandao, wengine wakichagua mkondo wa elimu. Mkimbizi aliyesomeshwa kwa mtaala mmoja akaja kufundisha mwingine haambiwi kwamba mtaala ni uamuzi wa watu, amekwisha kuliona hilo mwenyewe. Kwangu mimi, uzoefu huo unashinda mhadhara wowote.

Domasi watakapokaa tena kuupitia mtaala, wawaite na walimu wa Dzaleka.