Mbweha Katika Maandiko ya Kiyahudi na ya Kikristo

Msomaji wa Kiswahili afikapo katika Injili ya Luka, mlango wa 13, na kukuta kwamba Yesu amemwita Herode mbweha, husita kidogo. Katika ngano zetu cheo cha ujanja amepewa sungura, na miongoni mwa binadamu amepewa Abunuwasi. Mbweha hakupata sifa hiyo. Kwetu sisi yeye ni mnyama wa jamii ya mbwa, abwekaye usiku, na awafuataye wakubwa wa mwitu kwa mbali ili aambulie masazo yao. Mbweha mwekundu wa Ulaya, ambaye ndiye aliyewapa Wazungu misemo yao mingi ya hila, haishi katika nchi zetu. Basi mhubiri aelezapo kwamba Herode aliitwa mbweha kwa sababu alikuwa mjanja, msikilizaji hukubali tu, kama akubalivyo habari za theluji. Makala haya yataka kuonyesha kwamba kusita kwa msomaji huyo kulikuwa na haki, na kwamba ujanja ni vazi alilovikwa mbweha baadaye.

Neno la Kiebrania ni shual. Ukiacha majina ya mahali, limeandikwa mara 7 tu katika Maandiko ya Kiyahudi, katika aya 6, na hakuna hata moja ambamo mnyama huyu asifiwa au alaumiwa kwa akili zake. Mwerevu wa Torati ni nyoka, na jambo hilo limesemwa waziwazi katika mlango wa tatu wa kitabu cha Mwanzo. Tena wanazuoni wengi waona kwamba neno hilo moja liliwakusanya wanyama wawili: mbweha wa Ulaya atembeaye peke yake, na yule wa kwetu aendaye kwa makundi na kula mizoga. Katika Zaburi ya 63 mtunzi asema kwamba adui zake wataanguka kwa upanga wawe fungu la shual. Na mla maiti za vitani ni huyu wa pili kuliko yule wa kwanza. Kwa hiyo wafasiri wetu, walioandika mbweha katika tafsiri ya mwaka 1952, huenda walikuwa karibu zaidi na Waebrania kuliko wenzao wa Kiingereza na Kijerumani.

Je, shual alikuwa ishara ya nini? Kwanza, ya udogo. Nehemia alipokuwa akiujenga upya ukuta wa Yerusalemu, yapata mwaka 445 kabla ya Kristo, Tobia Mwamoni alimdhihaki kwa kusema kwamba mbweha akiupanda ukuta huo wa mawe atauangusha. Dhihaka hiyo haina maana yoyote ikiwa mbweha ni mnyama wa kuogopwa kwa hila zake. Uchungu wake watoka katika wepesi wa miguu yake. (Ukuta ulikwisha kwa siku 52, na Tobia hakusikika tena akitaja mbweha.) Katika Wimbo Ulio Bora pia mbweha ni wadogo, na kosa lao ni kuharibu mizabibu wakati wa maua. Mkulima yeyote ajua uharibifu wa namna hii, usiotokana na uadui wala shauri, ila na tumbo na ua lenye tundu.

Pili, na hili ndilo lenye uzito, mbweha alikuwa ishara ya magofu. Mwaka 586 kabla ya Kristo, au mmoja nyuma yake kwa hesabu ya wengine, Wababeli waliuteketeza mji wa Yerusalemu pamoja na Hekalu la Sulemani. Mwandishi wa Maombolezo, alipotaka kuonyesha ukiwa wa mlima Sayuni, hakutaja majivu wala mifupa. Alisema kwamba mbweha watembea juu yake. Nabii Ezekieli, aliyekuwa uhamishoni Babeli, aliwafananisha manabii wa uongo na mbweha wa maganjoni: watu waishio katika nyufa za nyumba ya wenzao wasitie hata jiwe moja la kuitengeneza. Hapa mbweha hafanyi lolote. Kuwapo kwake tu ni habari kwamba mwenye nyumba hayupo.

Picha hiyo ilirudi kwa nguvu baada ya Warumi kulibomoa Hekalu la pili, mwaka 70 baada ya Kristo. Talmudi ya Babeli yasimulia kwamba Rabban Gamaliel, Rabi Eleazar ben Azarya, Rabi Yehoshua na Rabi Akiva walikuwa wakipanda kwenda Yerusalemu. Walipofika mahali pa kuuona mji walirarua mavazi yao, na walipofika kwenye mlima wa Hekalu wakamwona mbweha akitoka katika Patakatifu pa Patakatifu. Hapo palikuwa mahali ambapo kuhani mkuu peke yake aliingia, siku moja tu katika mwaka, na ambapo mgeni kusogea kulikuwa ni kufa. Watatu wakalia. Akiva akacheka.

Walipomwuliza sababu, aliwajibu kwa sheria ya ushahidi. Nabii Isaya amewataja pamoja mashahidi wawili, Uria na Zekaria, na kwa mujibu wa fasiri yake unabii wa mmoja umefungamana na wa mwingine. Unabii wa Uria ni kwamba Sayuni italimwa kama shamba. Unabii wa Zekaria ni kwamba wazee, wanaume kwa wanawake, wataketi tena katika njia za Yerusalemu. Kabla ule wa kwanza haujatimia, alisema, aliuogopea wa pili. Sasa wa kwanza umetimia, basi wa pili hauna shaka. Wenzake wakamwambia, zaidi ya mara moja, kwamba amewafariji. Napenda kuitazama hadithi hii kwa makini, maana mbweha ni yule yule wa Maombolezo, hakuongezewa unywele. Akiva hakuyakana maangamizi wala hakuwakataza wenziwe kulia. Alikisoma alichokiona mpaka mwisho wa ukurasa, na wengine walikuwa wameishia katikati.

Katika zama hizo hizo mbweha mwingine alikuwa amekwisha kubisha hodi, naye alitoka kwa Wayunani. Katika ngano zinazotajwa kwa jina la Aesop mbweha ndiye bingwa wa maneno matamu, na Wayahudi walioishi chini ya watawala wa Kiyunani na wa Kirumi walizifahamu ngano za namna hiyo. Rabi Meir asemwa kuwa alijua ngano 300 za mbweha, na Talmudi yasikitika kwamba zimebaki 3 tu. Idadi hiyo 300 ndiyo pia ya mbweha wa Samsoni, na sidhani kama imekutana nayo kwa bahati. Hata hivyo mbweha wa zamani hakufukuzwa nyumbani. Katika Mishna twasoma shauri la Rabi Matya ben Heresh kwamba ni heri mtu awe mkia kwa simba kuliko kuwa kichwa kwa mbweha. Hapo mbweha bado ni mtu duni, hata awapo mbele ya wengine.

Akiva mwenyewe aliwatumia mbweha wote wawili. Warumi walipopiga marufuku kuifundisha Torati, naye akaendelea kuifundisha mbele ya watu, Pappus ben Yehuda alimwuliza kama haiogopi serikali. Akamjibu kwa ngano. Mbweha aliwaona samaki wakikimbia huku na huku mtoni kwa kuogopa nyavu, akawashauri wapande nchi kavu wakae naye kwa amani. Samaki wakamwambia kwamba yeye aitwaye mwerevu kuliko wanyama wote ni mpumbavu: ikiwa twaogopa mahali tunapoishi, tutakuwaje mahali petu pa kufia? Baadaye Akiva alikamatwa, na Warumi wakamwua kwa kuichana nyama yake kwa vitana vya chuma. Pappus alitiwa gerezani vile vile, kwa jambo lisilo na maana, na huko akamwambia Akiva kwamba heri yeye aliyekamatwa kwa ajili ya Torati.

Sasa turudi kwa Herode. Mtu huyu ni Herode Antipa, mwana wa Herode Mkuu, aliyeitawala Galilaya na Perea tangu mwaka 4 kabla ya Kristo hata mwaka 39 baada yake. Baba yake alipewa ufalme na Warumi. Yeye alipewa sehemu ya nchi, na cheo chake kwa Kiyunani chamaanisha mtawala wa robo. Alipokwenda Rumi kuomba aitwe mfalme, kwa kuchochewa na mkewe Herodia, Kaizari Gayo alimnyang'anya hata hiyo sehemu na kumpeleka uhamishoni. Luka aliandika kwa Kiyunani, na msomaji wake Myunani huenda alisikia ujanja. Lakini Yesu na Mafarisayo walioleta habari walikuwa Wayahudi wakizungumza kati yao, na kwa masikio yao maana ya karibu ni nyingine: huyo si simba, ni mdogo akaaye katika nyumba ya mfalme. Aya mbili tatu mbele Yesu ajifananisha na kuku akusanyaye vifaranga chini ya mbawa zake, na anena kwamba nyumba ya Yerusalemu itaachwa. Kuku, mbweha na nyumba iliyoachwa: sioni nafasi ya kusema kwamba mambo hayo matatu hayajuani.

Kanisa lilipokua lilimchukua mbweha wa Samsoni na wa Wimbo Ulio Bora, likamfanya mzushi wa dini. Samsoni, twakumbuka, aliwakamata mbweha 300, akawafunga mkia kwa mkia, akatia mwenge kati ya kila mikia miwili, na kuwaachilia katika ngano ya Wafilisti wakati wa mavuno. Augustino alieleza kwamba mbweha hao ni wazushi, ambao nyuso zao zaelekea pande mbalimbali na mikia yao imefungamana pamoja na moto. Kama fasiri, yapendeza. Lakini mwaka 1143 hivi, Everwin wa Steinfeld alimwandikia Bernard wa Clairvaux habari za wazushi wa Köln, akimwomba awaeleze wale mbweha wadogo wa mizabibu. Na katika waraka huo huo alisema kwamba watu wenye hamasa waliwanyakua baadhi yao na kuwachoma moto, bila idhini ya mapadre. Bernard alikuwa amekwisha kuhubiri kwamba mbweha hao wakamatwe kwa hoja, wasikamatwe kwa silaha.

Hakusikilizwa. Mwaka 1210 Wakathari wapatao 140 walichomwa moto huko Minerve, kusini mwa Ufaransa. Miaka 5 baadaye Mtaguso wa nne wa Laterani, chini ya Papa Innocent wa Tatu, uliwalaani wazushi wote kuwa watu wenye nyuso mbalimbali na mikia iliyofungwa pamoja, na kuamuru wakabidhiwe kwa watawala wa dunia waadhibiwe. Neno mbweha halikuandikwa katika kanuni hiyo, mikia ilitosha. Mwaka 1244, huko Montségur, waliochomwa kwa siku moja walizidi 200. Katika kitabu cha Waamuzi moto ulikuwa mkiani mwa mbweha, ukaiteketeza ngano. Hapa ngano ilisalia, wakateketea walioitwa mbweha.

Tarehe 15 Juni 1520 Papa Leo wa Kumi, ambaye jina lake lina maana ya simba, alitoa waraka wa kumhukumu Martin Luther. Ulianza kwa kumsihi Bwana asimame, kwa kuwa mbweha wameinuka wakitaka kuliharibu shamba lake la mizabibu. Vitabu vya Luther vikatupwa motoni katika miji kadhaa. Mnamo tarehe 10 Desemba ya mwaka huo, nje ya lango la mji wa Wittenberg, Luther naye aliwasha moto wake, akautumbukiza waraka ule pamoja na vitabu vya sheria za Kanisa.