Fundi na Ngazi Yake: Habari za Mafunzo ya Kazi kwa Vijana Wetu

Kila mwaka Halmashauri ya Chama hupokea barua za wazazi waombao msaada wa karo, na karibu zote huomba shule ya kalamu. Ni wachache mno wanaotaka mtoto wao afundishwe uashi au useremala. Wako wasemao ya kwamba vijana wetu wanadharau kazi ya mikono. Yafaa tuitazame historia kabla ya kuwahukumu.

Mwaka 1909 Bwana J. Nelson Fraser, aliyekuwa amehudumu katika elimu huko Bombay, aliishauri Serikali ya kikoloni kwamba elimu ya Waafrika ielekezwe hasa kwenye kazi za mikono. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika ya Mashariki, ikasisitiza elimu ipatanayo na maisha ya kijijini. Mwaka huo huo chuo cha Serikali cha ufundi kilianzishwa Kabete. Miaka miwili baadaye, jirani yake huko Kikuyu, shule ya sekondari ya Alliance ikafunguliwa. Basi wazazi wakaona milango miwili: mmoja wa karakana, mwingine wa ofisi.

Hawakuchagua ofisi kwa upumbavu. Katika utumishi wa Serikali mishahara ilipangwa kwa rangi, mpaka Tume ya Lidbury ya 1954 iliposhauri jambo hilo liondolewe. Mwaka huo huo kamati ya Bwana F. W. Carpenter ilieleza ya kwamba kima cha chini cha mshahara kilikadiriwa kwa mahitaji ya mtu asiye na mke wala watoto. Fundi angeweza kuwa hodari wa randa na msumeno, na bado asiweze kulisha nyumba yake. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, viti vya ofisini viliachwa wazi, na wenye vyeti vya shule wakapanda upesi. Mafundi walibaki chini ya ngazi wakitazama.

Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilitoa taarifa juu ya watoto wengi waliomaliza shule ya msingi wasipate pa kwenda. Ndipo vikaanza vyuo vya ufundi vya vijijini. Katika kimojawapo, miaka ya 1970, baba yangu mzazi alijifunza uashi. Kwa mwiko na timazi alinilipia karo ya sekondari ya misheni, na leo mimi ni karani. Lakini hata siku moja hakuniambia nishike mwiko. Alikuwa amejenga miaka mingi bila cheti cha mtihani wa ufundi, akilipwa sawa na mchukuzi wa mawe. Hakuuchukia uashi, alichukia kuona umefika ukingoni.

Ngazi ikiwekwa, watu hupanda. Chuo cha elimu ya Waislamu cha Mombasa, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951, kilikuwa Politekniki mwaka 1972, kikawa Chuo Kikuu cha Ufundi mwaka 2013. Mwaka huo wa 2013 Bunge lilipitisha Sheria ya mafunzo ya ufundi, iliyoweka mamlaka ya kuvisimamia vyuo na baraza la mitihani yake. Kijana aanzaye na cheti aweza sasa kuendelea hadi stashahada na zaidi, iwapo ana karo na vifaa.

Hapo ndipo penye kazi yetu. Wajumbe wenzangu, mfuko wetu wa karo umesaidia kalamu tu. Naomba Mkutano Mkuu utenge sehemu yake kwa vifaa vya wanafunzi wa ufundi, na kwa ada ya mtihani wa mafundi wazee wasio na vyeti. Tukifanya hivyo, mwashi ataweza kumwita mwanawe kazini bila kuona haya.