Safu ya Lugha: Maji safi, maji salama

Anayefuga samaki wa mapambo akisema tangi lina "maji safi", mara nyingi huwa na maana ya maji maangavu, yanayoonyesha kokoto hadi chini. Ana hoja: safi ni neno la Kiarabu, na asili yake hubeba uangavu. Lakini amonia ya kinyesi haina rangi. Tangi jipya huweza kung'aa huku matamvua ya samaki yakiungua, kwa kuwa bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati yenye sumu ndogo, huchukua wiki kadhaa kuzaliana. Mjini Morogoro, majisafi ni maji ya bomba, mengi yakitoka bwawa la Mindu, yashukayo kutoka milima ya Uluguru kwa mto Ngerengere. Klorini yake humkinga mtoto na kipindupindu, ila huwaunguza samaki na aksoloti (amfibia afugwaye majini), na huua bakteria haohao. Kwa maji yaliyopimwa yakakutwa hayana amonia wala klorini, neno ni "salama". Atakayesema tunachagua maneno bure, atazame agizo "weka maji safi": mfugaji humwaga yote, akafungulia bomba. Aambiwe: punguza robo, ujazie maji salama, yaliyoondolewa klorini.