Saa ya Jua na Jicho la Msafiri: Tabora katika Njia ya Misafara, 1857–1858

Richard Burton na John Hanning Speke waliwasili Kazeh, katika eneo la Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Ziwa Tanganyika lilipoonekana tarehe 13 Februari 1858, Speke alikuwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho, na mbele yake aliona ukungu tu.

Ni rahisi kulitwika jua lawama hiyo. Lakini kumbukumbu za safari zinautaja ugonjwa huo kuwa uvimbe wa macho, na Julai 1858 Speke aliondoka Kazeh kuelekea kaskazini, akaliona Ziwa Nyanza tarehe 3 Agosti. Seli za retina zinazopokea mwanga zikifa haziotii tena. Jicho lililopata nafuu kiasi hicho halielekei kuwa lilizipoteza kwa wingi.

Jua, hata hivyo, lina nafasi katika historia hii kwa njia nyingine. Misafara ya Wanyamwezi na ya wafanyabiashara wa pwani iliondoka alfajiri, ikapiga kambi kabla ya joto la mchana kuwaelemea wapagazi. Sababu ilikuwa mizigo, maji na uchovu. Hakuna aliyefikiria retina. Lakini mwendo huo uliyapa macho nuru ya kwanza ya kila siku, na nuru hiyo ndiyo hurekebisha saa ya mwili. Tabora, iliyo takriban digrii 5 kusini mwa Ikweta, macheo hubadilika kidogo sana kwa mwaka. Si ajabu kwamba hesabu ya saa za Kiswahili huanzia hapo.

Retina ina saa yake yenyewe: mwaka 1996 Tosini na Menaker walionyesha kuwa retina ya hamsta, ikitengwa na mwili, huendelea kutoa melatonini kwa mzunguko wa siku. Kabla ya hapo, mwaka 1976, LaVail alikuwa ameonyesha kwa panya kwamba seli za fito hupukutisha ncha zake kuukuu mara baada ya mapambazuko, hata panya wakiwekwa gizani. Ncha hizo zimejaa mafuta yanayooksidika upesi, nazo humezwa na utando wa seli za rangi ulio nyuma ya retina. Usafi huo, pamoja na vimeng'enya vinavyotuliza molekuli kali za oksijeni, hupunguza msongo wa oksidesheni. Wakati nao una uzito: utafiti wa Organisciak na wenzake wa mwaka 2000 ulionyesha kuwa mwanga mkali uleule uliwadhuru panya zaidi usiku kuliko mchana.

Panya hukesha usiku, binadamu hulala. Matokeo hayo hayahamishiki moja kwa moja kwa mpagazi wa Unyamwezi. Yanachomruhusu mwanahistoria ni kuzisoma saa za kuondoka na za kupiga kambi, ambazo Burton alizieleza katika kitabu chake cha 1860, kama ushahidi wa afya na si wa biashara pekee.