Mkonge, Plastiki na Hukumu ya Haraka Dhidi ya Azimio

Katika soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa, nafaka hujazwa kwenye viroba vya plastiki, si magunia ya mkonge. Tumezoea kusema kwamba Azimio la Arusha ndilo lililoua mkonge. Kalenda inakataa.

Mwaka 1954 Giulio Natta wa Italia aliunda polipropilini. Kufikia 1957 ilikwisha kuingia viwandani. Nyuzi za mkonge, zenye urefu wa mita moja hivi, sharti zisokotwe pamoja ndipo zishikane. Uzi wa plastiki hutoka mashineni bila kikomo, ni mwepesi, wala hauozi upesi. Wakulima wa Ulaya na Marekani, waliofunga majani makavu ya mifugo kwa kamba zetu, wakapata mbadala.

Mwaka 1964 tulizalisha zaidi ya tani 200,000, na tangu hapo bei ikaporomoka. Utaifishaji wa mashamba ulikuja Oktoba 1967. Usimamizi mbovu uliofuata uliongeza jeraha, sibishi. Lakini jeraha lilikuwapo. Sasa serikali inahimiza mkonge upya. Je, wanaoandika mipango hiyo hapa Dodoma wameukadiria ushindani wa plastiki?