Neno la leo: Upepo

Ukikanyaga breki ya pikapu ya zamani, tuseme Hilux ya miaka ya 1980, na pedali ikazama laini kama sponji, fundi atakwambia: “Breki ina upepo.” Mwalimu wa fizikia atasahihisha kwamba hiyo ni hewa, kwa kuwa upepo ni hewa inayovuma.

Mimi niko upande wa fundi. Hewa tumeipata kwa Kiarabu; upepo ni wetu wa Kibantu, ndugu yake pepea, pepeta na kipepeo. Gereji imelipa neno hili kazi mpya: tairi hujazwa upepo, breki hutolewa upepo.

Na itazame kazi yenyewe. Mmoja yuko kwenye usukani, mwenzake amelala chini ya gari, spana mkononi. “Pampu! Kanyaga, shikilia!” Skrubu inalegezwa, na mafuta ya breki yanatoka na mapovu kupitia mpira mwembamba uliotumbukizwa kwenye chupa. Skrubu inakazwa kabla mguu haujaachia. Mapovu hubonyea, mafuta karibu hayabonyei kabisa. Ulaini wote ule unatoka hapo.

Ila neno hili zuri lisifunike kila ugonjwa. Pedali ikishikiliwa ikazidi kuteremka polepole, na hakuna mafuta yanayovuja nje, shuku mipira ya ndani ya pampu kuu ya breki. Ikipanda baada ya kupampu mara mbili, huenda breki za nyuma zinataka kurekebishwa.

Ndugu msomaji, breki ikizama, gari lisiondoke mpaka fundi alikague.