Nishani ya Bustani na Kikuba cha Bibi Harusi

Tarehe 7 Machi 1804, wanaume saba walikutana katika duka la vitabu jijini London wakaunda chama cha bustani. Baadaye yakaja maonyesho ya maua na tuzo. Mwaka 1897 chama kiliwatunuku watu 60 nishani ya heshima. Wanawake walikuwa wawili tu, Gertrude Jekyll na Ellen Willmott.

Kwetu Zanzibar, bibi zetu walipanda asumini na mrehani uani, wakatunga vikuba vya maharusi bila nishani wala kuandikwa. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha: alichopanda Muislamu, kikaliwa na mtu, ndege au mnyama, ni sadaka yake.

Bibi harusi, muulize bibi yako namna ya kutunga kikuba, angali hai.